Kijiti Kisichovunjwa

Haya niliambiwa na mama mkubwa Lepeti, mwaka ule bahari ilipopanda mpaka ngazi za kanisa na sisi watu wa pwani ya kisiwa cha Lauru tukahamia kilimani, chini ya maturubai. Kutwa nzima hapakuwa na la kufanya ila kumenya viazi na kungoja mashua ya serikali. Lepeti alikuwa ameshapofuka, lakini vidole vyake bado vilisuka. Alinisimulia kwa siku tatu, kidogo kidogo, akisuka kikapu kile kile. Kisa chenyewe kinamhusu kaka yake, na kwa siku zote tatu hakulitaja jina la kaka yake hata mara moja, maana kwetu dada halitamki jina la kaka, awe hai au awe amekufa. Alimwita baba Kesa tu. Jina nililipata kwa wengine. Aliitwa Zaku. Ninaliandika kwa sababu mimi si dada yake.

Mke wa Zaku aliitwa Roda. Walioana mwaka mmoja kabla ya vita ile kubwa, na walipopata mtoto wa kike, Kesa, Wajapani walikuwa wameshaweka kambi kwenye mdomo wa mto, mwendo mfupi kwa mtumbwi kutoka kijiji chao cha Poroi. Juu mlimani alijificha mzungu mmoja mwenye redio. Zaku alikwenda kumfanyia kazi, pamoja na kijana mwingine aitwaye Sarere. Kazi ilikuwa moja: kujua boti ngapi zimeingia mtoni na ngapi zimetoka, mzungu aziseme kwenye redio yake.

Lakini kule juu mto hauonekani, miti imeuziba. Aliyeuona ni Roda. Yeye na wanawake wengine walilazimishwa kupeleka viazi kambini kila wiki, na akiwa anasubiri kikapu chake kimwagwe, alikuwa anahesabu.

Sasa habari ile ipande vipi mlimani? Askari walipekua kila kitu. Karatasi ilikuwa kifo. Ndipo Zaku alipokata tawi moja la mti mgumu, akaligawa katikati, akavisugua vile vipande viwili kwa ngozi ya papa mpaka vikawa na unene mmoja, kama wa kidole gumba cha mwanamume. Kimoja akachukua yeye, kimoja akampa mkewe.

Walifanya hivi. Roda alichukua utepe mrefu mwembamba wa jani la mkadi, akauzungushia kijiti kwa mshazari, ukingo ukigusa ukingo, mpaka kijiti chote kikavaa. Kisha akaandika kwa masizi na mafuta ya kokwa, akifuata urefu wa kijiti, kila mzunguko herufi moja. Mstari ukiisha anakigeuza kijiti kidogo anaanza mwingine. Akiukunjua utepe, herufi zote zinatawanyika. Iliyokuwa jirani ya mwenzake inakwenda kukaa mbali huko, na katikati yao wanaingia wageni. Aliziandika nyembamba, kama nakshi ambayo wanawake wetu huitia kwenye vikapu. Halafu utepe ule aliusuka kwenye ukingo wa kikapu, na kikapu akakiacha kwenye shamba lao la juu, penye kisiki. Zaku anakuja, anauchomoa utepe, anauvika kwenye kijiti chake, na herufi zinarudi kila moja kwa jirani yake. Bila kijiti cha unene ule ule huoni neno. Mara moja askari alikipenda kikapu chenyewe akakivaa kichwani kama kofia, akazunguka nacho kambini huku wenzake wakimcheka, na idadi ya boti zao zote ikiwa imemzunguka masikioni.

Zaku naye alijibu kwa njia hiyo hiyo. Barua zake zilikuwa fupi. Boti ngapi? Mtoto anakula? Na mwisho daima neno moja: Nalala. Ndiyo alama waliyokubaliana, kwamba barua imeisha, yuko salama, na kwamba hangoji jibu kwa siku ile. Roda akiliona neno hilo naye alilala.

Kulikuwa na sharti moja, nalo lilikuwa la Zaku: vijiti vikae pakavu. Roda alikiweka chake kwenye uchaga wa juu ya meko, kwenye moshi. Mti ukilowa unanenepa, alisema Zaku, na sisi tutaanza kuandikiana upuuzi.

Mwezi wa nane Sarere alimleta Zaku kwa mtumbwi, amefunikwa majani. Doria ilimkuta akivuka kijito. Alipigwa risasi moja tu, chini ya bega.

Walimzika kwenye kisiwa cha Tande, mbele ya kijiji, ambako watu wetu wote wanazikwa. Kwetu mtu akifa vyombo vyake vinavunjwa na kuwekwa naye: kafi, shoka, kibuyu cha chokaa ya tambuu. Wachungaji walipokuja walituachisha mengi, hili hawakutuachisha. Chombo kizima ni kazi, na maiti hatakiwi kupewa kazi. Mama yake Zaku, bibi Kavakesa, alivunja kafi kwa mikono yake mwenyewe, na hakuwa mwanamke wa kulia mbele za watu. Kilipofika kijiti, Roda alisema, "Hiki nitakivunja mimi, mama." Kavakesa akageuza uso, maana kati ya mume na mke mama haangalii.

Roda hakukivunja. Alisikia kana kwamba akikivunja ndiyo barua zimekwisha kweli. Alikisukuma kizima chini ya mkono wa mumewe, ndani ya mkeka, na mawe yakapangwa juu.

Mjane kwetu anakaa ndani mwezi mzima. Hatoki kwenda shamba, hatoki kwenda mtoni. Lepeti, wifi yake, ndiye aliyekwenda shambani kwa niaba yake. Alikuwa msichana mwenye mdomo, hata kwenye msiba.

Siku ya kumi na saba Lepeti alirudi na viazi, akakitua kikapu mlangoni.

"Wifi, vikapu vyako siku hizi vinazaa," alisema. "Hiki nilikiacha juzi kwenye kisiki kikiwa na ukingo mweupe. Tazama sasa."

Kwenye ukingo palikuwa na utepe mpya wenye nakshi nyeusi.

"Umeusuka wewe," Roda alisema.

"Mimi? Mimi nasuka ovyo, mama anasema vikapu vyangu ni vya kutekea hewa. Huu umesukwa na mtu." Lepeti alinyoosha kidole kuugusa, kisha akakirudisha. Alikuwa ameona ni mkono wa nani uliokunja ile ncha, kwa ndani, kushoto. Vya kaka yake dada hagusi. Akarudi nyuma mpaka mgongo wake ukagonga nguzo. "Mimi nakwenda kumwangalia mtoto," akasema, wakati mtoto alikuwa pale pale, anacheza na kiazi.

Roda aliuchomoa. Akakishusha kijiti kutoka kwenye uchaga, akauvika utepe. Hapakuwa na neno. Herufi zilikaribiana, lakini hazikukutana. Mzunguko wa kwanza ulianza sawa, wa pili ukapishana kiasi cha unyasi, wa tatu zaidi, na kufikia wa kumi kila herufi ilikuwa imesimama peke yake. Akaujaribu kwa kulegeza, akaujaribu kwa kukaza. Akapumua. Ni mzaha wa mtu, alijiambia, ni mtu ameokota utepe wa zamani.

Lakini kidole chake kilikuwa bado kwenye ukingo, na kidole kinajua. Utepe huu uliandikwa juu ya kijiti kinene kuliko chake. Si kinene sana, unene wa ukucha tu. Na chake kilikuwa kimekaa kwenye moshi, kimekauka. Kingine kilikuwa wapi? Kilikuwa Tande, chini ya mawe, kwenye mchanga unaofikiwa na maji ya bamvua. Kilikuwa kimelowa.

Roda hakumwambia mtu. Alikichukua kijiti chake akakifukia kwenye mchanga mbichi chini ya mtungi wa maji, akakiacha siku tatu. Siku ya nne alikifukua, akakifuta, akakivika utepe. Herufi zikaja, moja baada ya moja, kama watu wanaoingia kanisani na kila mmoja anajua kiti chake.

Boti nne mdomo wa mto. Jibu langu liko wapi. Sijalala.

Aliuweka chini ule utepe, akaita, "Wifi."

Lepeti akachungulia.

"Leo umepita kwa mtumbwi mbele ya kambi. Mtoni mna boti ngapi?"

"Nne. Jana zilikuwa mbili. Unazitakia nini, na wewe uko ndani?"

Roda akaushika tena ule utepe. Alikuwa anafikiri kwamba mumewe alipokuwa hai hakuweza kuuona mdomo wa mto. Yeye ndiye aliyekuwa akiuliza boti ngapi. Sasa alikuwa anamwambia, tena siku tatu kabla hazijaingia.

Jumamosi Sarere alishuka kwa siri kuwaona wazee, na Roda akamwita kwenye ukuta wa nyuma, wakazungumza kupitia ufa wa majani kwa sababu mjane haonekani.

"Nani anaandika sasa huko juu?" alimuuliza.

"Kuandika nini, shemeji? Mimi na herufi tulipita njia mbalimbali. Siku ile ya shule nilikuwa nimekwenda kuvua."

"Mzungu?"

"Mzungu ana homa, na amekwishahama pango mara mbili. Shamba lenu hatulifikii tena. Tangu yule bwana atutoke hakuna anayepita kwenye kisiki." Akageuka kutazama njia. "Kwa nini, kuna mtu amekuandikia?"

"Hapana," Roda alisema.

"Sawa," alisema Sarere, na akaondoka haraka kuliko alivyokuja.

Utepe wa pili haukuja kwa kikapu. Ilikuwa Jumanne, mchana, jua likiwaka. Roda aliinua kibuyu cha maji nyuma ya nyumba, hatua mbili kutoka mlangoni, na mshipi wa kubebea ulikuwa umefungwa kwa utepe wenye nakshi, ncha imekunjwa kwa ndani, kushoto. Ulikuwa na maji. Aliponusa, ulinuka pwani ya Tande, mwani na mawe.

Akaenda moja kwa moja kwenye kijiti chake. Alikuwa amekirudisha chini ya mtungi, sijui kwa nini, hata yeye alisema hakujua kwa nini. Akauvika utepe. Herufi hazikukutana. Kile cha chini ya mawe kilikuwa kimezidi kunenepa.

Akamwagia mchanga maji mengine, akafukia. Jumatano akajaribu, bado. Alhamisi neno moja lilijitokeza katikati, kanisa, mengine yote yakabaki vurugu. Siku ile hakula. Alikaa ametazama ule mchanga chini ya mtungi kama mtu anayengoja yai lianguliwe, na mara mbili Kesa alimwita hakusikia. Kama neno ni kanisa, na Jumapili inakuja, aliogopa maneno mengine yakiiva yawe yameshachelewa.

Ijumaa asubuhi yakaiva.

Jumapili wanakuja na kamba. Wanaanza na kanisa. Mtoe mama. Mtoe mtoto. Watoe wote. Sijalala.

Sasa hapo palikuwa na mambo mawili. Roda angeweza kumchukua Kesa na bibi yake wakaingia msituni watatu. Lakini barua ilisema wote, na kijiji kizima kilikuwa watu themanini. Na mjane wa siku ishirini na kitu, anayeamuru watu themanini wahame kwa sababu marehemu ameandika, nani angemsikia? Wangesema huzuni imempanda kichwani. Zaidi ya hayo Jumapili kwetu hakuna anayegusa kafi wala kupika. Watu wangekaa kanisani wamejipanga, wasafi, milango miwili tu.

Akajifunika mkeka, akatoka akaenda kwa mama mkwe wake. Alipiga magoti, akaweka zile tepe mbili na kijiti sakafuni, akasema yote, tangu mwanzo mpaka mwisho. Kavakesa hakujua kusoma. Alikuwa anatafuna tambuu, na Roda alipofikia habari ya kijiti kizima kilichosukumwa chini ya mkono, bibi aliacha kutafuna.

"Hukukivunja."

"Sikukivunja, mama."

"Umemzika mtu na jembe mkononi. Ulitaka afanye nini, apumzike?"

 Kavakesa akaangalia nje muda mrefu, upande wa Tande.

"Mtoto wangu yuko macho siku ishirini na saba," alisema polepole. "Hata alipokuwa mchanga hakuwahi kunikesha hivyo." Akatema nje. "Haya. Hilo la kijiti tutalimaliza mimi na wewe. Kwanza tufanye alichosema. Niitie yule Biliki. Mwambie nakufa."

"Mama, unaumwa?"

"Kesho asubuhi nitaumwa. Leo nina kazi ya kufunga mizigo."

Biliki alikuwa mwalimu wa kanisa, mtu mwema, mpole, anayependa utaratibu kupita kiasi. Jumamosi asubuhi alimkuta Kavakesa amelazwa kwenye mkeka, uso umepakwa majivu kidogo, macho nusu.

"Unaumwa wapi, mama?"

"Kila mahali. Nataka kesho nisali karibu na kaburi la mwanangu. Nataka na watu wote wawepo, hata wale ambao sikuwapenda."

"Tutakuombea hapa kanisani. Kesho Jumapili, hatupigi kafi, unajua."

"Nani kasema mpige kafi kesho? Leo Jumamosi na jua ndiyo kwanza linapanda. Mnavuka leo, mnalala kwenye pango la Tande, kesho mko pale pale. Au unangoja mpaka ulimi wangu utoke nje ndiyo uamini?"

"Na ngoma ya kanisa? Ibada bila ngoma..."

"Ngoma haina miguu, Biliki. Ibebeni."

Lepeti, aliyekuwa nyuma ya pazia, aliziba mdomo kwa mikono miwili. Alisema hakujua kama alitaka kucheka au kulia.

Kijiji kilinung'unika. Wengine walisema kikongwe huyu alikuwa akiendesha watu tangu ujana, sasa anataka kutuendesha mpaka kwenye kifo chake. Lakini nani anakataa ombi la mwisho la mama aliyefiwa? Kabla ya jua kutua mitumbwi yote ilikuwa imevuka, na kuku, na ngoma, na wagonjwa. Roda alivuka amefunikwa mkeka, kwa kuwa mwezi wake wa ndani haujaisha. Kijiti chake kilikuwa kifuani kwake, bado kibichi.

Jumapili asubuhi, Biliki akiwa katikati ya sala, mtoto mmoja alisema, "Kijiji chetu kinatoa moshi." Watu wakageuka. Moshi ulianza kwenye kanisa, kama ilivyoandikwa. Walioona vizuri waliona boti nne pwani, na watu wadogo wadogo wakikimbia kutoka nyumba hii mpaka ile, wakitafuta. Walitafuta mpaka adhuhuri. Walichoma kila kilichosimama, wakarudi mtoni na kamba zao. Tande hawakuja. Walikuwa wanakiogopa kisiwa kile, sijui waliona nini huko.

Watu themanini walikuwa hai. Biliki alilia, akasema ugonjwa wa mama huyu ulikuwa mkono wa Mungu. Kavakesa, aliyekuwa ameketi anakula gimbi la moto, alisema, "Sasa najisikia nafuu kidogo," na kwa mara ya kwanza tangu msiba watu wakacheka.

Roda hakucheka. Kesa alikuwa amelala pangoni kwenye mkeka wake, usingizi wa mchana. Mkeka ule Roda aliusuka mwenyewe, ukingo mweupe mtupu. Sasa upande wa kichwa cha mtoto kulikuwa na utepe umepitishwa, mweusi kwa mweupe, umefuata mzunguko wa kichwa mpaka bega. Aliyeusuka alikuwa amepiga magoti pale. Mchanga ulikuwa na maji, alama mbili, na nywele za mtoto upande mmoja zilikuwa zimelowa, kama aliyepapaswa.

Kwanza shambani. Kisha nyuma ya nyumba. Sasa hapa.

Aliuchomoa taratibu ili mtoto asiamke. Akauvika kwenye kijiti. Hapakuwa na chochote. Akakiloweka kwenye kidimbwi cha maji ya chumvi siku moja, mbili, mpaka siku nne. Kijiti chake kilikuwa kimefika mwisho wake, kikakataa kunenepa zaidi. Kile kingine kilikuwa kimeanza kuoza, kimevimba kwa namna ambayo kitu cha watu walio hai hakivimbi. Utepe huu ungesomeka juu ya kijiti kimoja tu duniani.

"Unakitaka," alisema Kavakesa. Alikuwa amesimama nyuma yake. "Usinidanganye. Unataka kufukua ukichukue usome."

"Nataka kujua alichosema, mama. Labda wanakuja tena. Labda ni neno langu mimi."

"Labda." Yule mama akajifunga kitambaa kiunoni. "Twende. Jua liko kichwani, ndiyo saa nzuri. Wifi yako abaki na mtoto."

Lepeti alibaki mdomoni mwa pango, amempakata Kesa, amegeuka upande wa bahari kama dada anavyopaswa. Hakuona. Alisikia mawe tu, jiwe juu ya jiwe, na alihesabu. Kumi na moja.

Mawe hayakuwa yameguswa tangu mazishi, yalikuwa yameota ukungu wa kijani kwenye maungio. Hilo Roda alilitazama kabla ya kuinua la kwanza. Chini mkeka ulikuwa umekuwa mweusi. Hawakuufunua wote, upande wa mkono tu. Kijiti kilikuwa pale alipokisukuma, lakini hakikuwa chini ya mkono. Kilikuwa ndani ya kiganja. Na kutoka ncha mpaka ncha kilikuwa na mistari ya mshazari ya masizi, pale ukingo wa utepe ulipopita, mistari mingi juu ya mistari. Alipokigusa, masizi yalimpaka kidole. Yalikuwa bado mabichi.

Kilitoka kwa urahisi. Aliogopa kingeng'ang'aniwa, lakini kiliachiwa.

Alikaa juu ya mchanga, kijiti mkono wa kulia, utepe mkono wa kushoto. Ilibaki kuzungusha tu.  Kavakesa alikuwa anaufuta mkeka mchanga kwa ncha ya kitambaa chake, pale palipo na bega, kama anavyofutwa mtoto aliyechezea matope.

"Utausoma?" aliuliza baadaye.

Roda alifikiri. Kila barua aliyowahi kuisoma aliijibu. Hata zile za mwisho, bila kuandika, alizijibu: alihamisha watu themanini.

"Nikiusoma atangoja jibu," alisema.

Akakiweka kijiti juu ya goti. Nje kilikuwa laini kama kiazi kilichooza, akadhani kitakatika kimya kimya. Lakini ndani, kwenye kiini, mti ulikuwa bado mkavu, na kilipokatika kilitoa mlio ambao Lepeti aliusikia kutoka pangoni, na Kesa mikononi mwake akashtuka. Kisha Roda akatoa chake kutoka kifuani, akakivunja pia. Hicho hakikulia. Vipande vinne akaviweka kwenye kiganja cha mumewe, na ule utepe wa tatu akaulaza juu yake, haukusomwa, akafunga mkeka.

"Sasa mwambie," alisema Kavakesa.

Roda aliinama mpaka mdomo wake ukakaribia mkeka. Alichosema kilikuwa neno moja. Halafu wakarudisha mawe.

Waliporudi pangoni Lepeti alimlaza mtoto. Aliona mikono yao tu, ile ya Roda imejaa masizi mpaka kwenye kiwiko, na alileta maji akammiminia, akigeuza uso pembeni wakati weusi ule ukienda mchangani.

"Wifi," alisema, "kesho nikienda shamba nipite kwenye kisiki?"

"Pita. Lete na kile kikapu."

Lepeti alikwenda, akarudi na viazi. Roda alikichukua kikapu, akakizungusha mikononi mara moja, akakizungusha tena, akapitisha kidole kwenye ukingo wote. Ulikuwa mweupe. Akakitua chini. Kavakesa alikuwa ameshalala, mdomo wazi, na Kesa amelala ubavuni mwake. Ulikuwa mchana, watu nje wakipasua kuni. Roda alijinyoosha kando yao akalala kabla hata hajajifunika, na Lepeti akakaa mlangoni akizuia watu wasipige kelele, mpaka naye kichwa kikaanguka juu ya magoti.

Na si mbali na hapo, chini ya mawe kumi na moja, Zaku akalala.